Kazi ya Mkono Ndiyo Shahidi: Tuliyojifunza Wandegeya

(Hotuba ya kikundi cha vijana wanaojifunza kompyuta Wandegeya, Kampala, iliyosomwa mbele ya wakaaji wa Nakivale katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati inaichapa kama ilivyosomwa.)



Mwenyekiti alituomba tueleze kazi tunayoifanya Kampala. Alituambia wazi kwamba wazazi wetu wanasikia tu kuwa "vijana wako Wandegeya kwenye kompyuta", na wengine wanadhani tunakwenda kutazama mpira. Basi leo tumekuja kutoa hesabu. Tutasema yaliyofaulu, na tutasema pia yaliyoharibika, maana hesabu yenye upande mmoja si hesabu.

Sisi ni saba. Wanne wanatoka Kivu, wawili Burundi na mmoja Somalia. Watatu kati yetu walimaliza sekondari kabla ya kukimbia, lakini vyeti vyao vilibaki kwenye nyumba ambazo hatujui kama bado zimesimama. Wengine wanne walikatiza masomo njiani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kutafuta kazi, na kwa hilo tunaishukuru nchi iliyotupokea. Lakini ukifika mlangoni pa ofisi, swali la kwanza ni lile lile: "Cheti kiko wapi?" Aliyeacha cheti vitani atajibu nini? Hotuba yetu yote inatokana na swali hilo.

Wasioijua Wandegeya tuwaeleze kidogo. Ni mtaa ulio chini ya kilima cha Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922. Jina lake limetokana na endegeya, ndivyo Waganda wanavyowaita wale ndege wafumao viota. Pale kuna soko, bodaboda, wachoma kuku na wakaanga roleksi, na kila baada ya milango miwili mitatu kuna duka la kuchapa na fotokopi, kwa sababu wanafunzi huleta tasnifu zao kuchapwa na kujalidiwa. Sisi si wanafunzi wa Makerere. Sisi tuko upande huu wa barabara. Mwenye duka moja la uchapaji alitupangisha chumba cha nyuma, kwa sharti kwamba jioni wateja wakiwa wengi tutoke tumsaidie. Tuna meza moja, laptopu mbili kuukuu, na umeme wa Yaka tunaouchangia.

Sasa, tunajifunza nini? Kazi yenyewe inaitwa uhandisi wa klaudi, maana yake wingu. Jina hilo lisiwababaishe, maana angani hakuna kitu. Klaudi ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye umeme usiokatika na walinzi mlangoni, na wenye majumba hayo hukodisha nguvu za kompyuta hizo kwa saa, hata kwa sekunde, kama mtu anavyokodi baiskeli. Kampuni ya Marekani ya Amazon ilianza kukodisha hivyo mwaka 2006. Na wengi hawajui kwamba huduma yake ya kukodisha kompyuta, inayotumika leo dunia nzima, ilijengwa na kikundi kidogo cha wahandisi waliokaa Cape Town, Afrika ya Kusini. Majumba yenyewe pia yamefika barani kwetu: Microsoft ilifungua yake Afrika ya Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Mhandisi wa klaudi ni yule anayejua kukodi mitambo hiyo, kuiunganisha, kuifunga kufuli, kuilinda isimle mwenyewe fedha, na kuijenga upya ikianguka. Anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa Wandegeya, na mtambo ukiwa Cape Town.

Tulianza kama wengi wanavyoanza: kutazama masomo ya video. Tulitazama miezi minne. Tulijaza madaftari. Siku moja mwenye duka akatuuliza, "Nyinyi mmesoma sana. Nionyesheni kitu kimoja mlichokitengeneza." Tulitazamana. Hatukuwa na kitu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tulikuwa tumevitazama tu vikielea.

Ndipo tukabadilisha njia. Mwaka 2020 mhandisi mmoja Mmarekani, Forrest Brazeal, alitoa zoezi la hatua 16 kwa watu wasio na uzoefu wa kazi hii. Zoezi hilo halikuulizi umesoma wapi. Linakutaka uandike wasifu wako kama ukurasa wa intaneti, uupandishe kwenye klaudi, uupe anwani yake na kufuli yake, uweke kihesabu cha wageni wanaoutembelea, uandike maagizo ya kompyuta yanayokihesabisha, uyapime, uyaweke yote katika daftari la mabadiliko ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua, na mwisho ueleze kwa maneno yako ulivyofanya na ulipokwama. Ukimaliza, si karatasi tu unayoweza kumwonyesha mtu. Una kitu kinachofanya kazi, na mtu akiwa Nairobi au Toronto anaweza kukifungua, kukijaribu na kuona kama kweli kimeundwa na wewe. Kazi kama hizo zikikusanywa pamoja ndizo tunaziita jalada la kazi.

Kazi yetu ya kwanza ikawa hiyo. Ilituchukua wiki tisa, maana laptopu ni mbili na bando lina mwisho. Usiku wa kwanza kihesabu kiliandika wageni zaidi ya 300. Tulishangilia, tukanunua roleksi kwa mkopo. Asubuhi tulipochunguza tukagundua kwamba wengi wa wageni hao ni programu zinazozungukazunguka kwenye intaneti bila macho ya mtu, na waliobaki ni sisi wenyewe tuliokuwa tukifungua ukurasa kila dakika kutazama kama umefunguliwa. Tulicheka, lakini somo lilibaki: namba haisemi kitu mpaka ujue imetoka wapi.

Kazi ya pili tuliifanya kwa ajili ya mwenye duka. Wanafunzi humletea tasnifu kwenye flashi, flashi zimejaa virusi, na foleni inafika barabarani. Tukamtengenezea ukurasa ambapo mteja anatuma hati yake kabla hajafika, analipa akifika, anaikuta imeshachapwa. Mwenye duka alifurahi sana. Siku mbili foleni ilipungua. Na hapo, ndugu zetu, ndipo tulipofanya kosa ambalo tumeona ni wajibu wetu kulisema hapa mbele yenu.

Kwenye klaudi ya Amazon, chombo cha kuwekea faili huitwa ndoo. Tangu Aprili 2023 ndoo mpya huja ikiwa imefungwa. Hakuna mtu wa nje anayeweza kuona kilichomo mpaka mwenyewe uifungue. Lakini ukurasa wa intaneti lazima uonekane na watu, na somo tulilolifuata lilisema: ondoa kufuli. Tukaiondoa. Tulichosahau ni kwamba hati za wateja tulikuwa tunaziweka katika ndoo ile ile yenye ukurasa. Tena tulizipa majina kwa kufuata namba: hati ya 40, hati ya 41, hati ya 42.

Mwanafunzi mmoja, mtu mwema, alifungua hati yake mwenyewe kwenye simu, akabadilisha tarakimu ya mwisho kwa udadisi, na ikafunguka hati ya mtu mwingine. Alikuja dukani jioni ile ile akatuonyesha. Tukazima kila kitu. Kwa muda wa siku moja na nusu, hati 63 zilikuwa wazi kwa dunia nzima. Nyingi zilikuwa tasnifu. Lakini moja ilikuwa maelezo ya mama mmoja, mkimbizi kama sisi, aliyoyachapisha kwa ajili ya mahojiano ya kuomba hifadhi. Mnajua kilichomo katika karatasi ya namna hiyo. Kuna jina, kijiji, waliofanya kitendo, na jamaa waliobaki nyuma.

Tulikuwa na namba za simu za wateja 58, tukawapata 51, na kila mmoja tulimweleza kosa letu na kumwomba radhi. Kwa mama yule tulikwenda wenyewe, wote saba. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Ni nani aliyeisoma?" Tulijibu kwamba hatujui. Klaudi ina daftari la mlangoni linaloandika kila anayeingia, lakini lazima mwenyewe uliwashe, na sisi hatukuliwasha kwa sababu somo halikulitaja. Alikaa kimya. Halafu akasema, "Basi tafuteni njia ya kujua kabla hamjachukua karatasi ya mtu mwingine." Ametupa ruhusa ya kulisimulia jambo hili. Jina lake na anapokaa hatutasema.

Mwenye duka alikuwa na haki ya kutufukuza. Hakutufukuza, lakini aliufunga ukurasa ule, akasema hautafunguliwa mpaka tumwonyeshe yeye, asiyejua kompyuta, kwamba umefungika. Hilo lilitufundisha kuliko miezi minne ya video. Kumweleza mtu asiyejua ni kujua mara mbili.

Ilituchukua wiki tano. Tulitenganisha ndoo mbili: moja ya ukurasa, iliyo wazi, na nyingine ya hati, iliyofungwa. Mteja akitaka kuiona hati yake hupewa kiungo cha muda kinachokufa baada ya dakika 15. Majina ya hati hayafuati namba tena. Kila hati hufutwa siku moja baada ya kuchapwa. Daftari la mlangoni limewashwa. Tukaandika jaribio linalogonga mlango kila asubuhi kama mwizi, na likikuta mlango uko wazi linatutumia ujumbe. Na mitambo yote tuliiandika upya kama maagizo katika faili, ili mtu mwingine aweze kusoma kila kufuli tuliyoiweka na kutuuliza kwa nini. Tulimwita mwenye duka, tukampa simu, tukamwambia: jaribu kuiona hati isiyo yako. Alijaribu kwa saa nzima. Kisha akaufungua ukurasa, na mpaka leo unafanya kazi.

Jambo la tatu lilituhusu sisi wenyewe. Tulibishana usiku kucha kama kosa hili liingie kwenye jalada letu la kazi au lifichwe. Wengine walisema, nani atamwajiri mtu aliyeacha mlango wazi? Mwishowe tuliliandika lote: tulichokifanya, kilichoonekana, muda uliopita, tusichoweza kukijua, na tulichokibadilisha. Hatukuandika jina la duka wala la mteja yeyote. Miezi mitatu baadaye mwenzetu mmoja aliitwa kwenye mahojiano ya kazi hapo Kampala. Habari ya cheti iliulizwa kwa dakika mbili. Kisha wakafungua maelezo ya kosa, wakamhoji juu yake karibu saa nzima. Alipata mkataba wa miezi sita, nao umeongezwa. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na sisi tunaongeza kwamba kosa lililofichwa ndilo hurudiwa.

Lakini tusiwadanganye vijana wenzetu. Katika sisi saba, wawili ndio wanaoishi kwa kazi hii: huyo mwenye mkataba, na mwingine anayetunza kurasa za maduka matatu ya uchapaji. Mmoja anatengeneza simu sokoni na kujifunza usiku. Mmoja amerudi hapa Nakivale kufundisha watoto. Watatu bado wanatafuta. Jalada la kazi halifungui kila mlango. Kuna ofisi ambazo bila cheti hazikusikilizi, na mtihani wa Amazon wa ngazi ya chini kabisa hulipiwa dola 100, fedha ambayo wengi wetu hatujawahi kuishika kwa pamoja. Tunachosema ni kwamba jalada hukupa shahidi pale ambapo shahidi wako mwingine aliungua.

Tena kuna hatari za fedha. Kampuni hizi huwapa wanaoanza kiasi fulani bila malipo, lakini masharti hubadilika. Amazon ilibadilisha yake Julai 2025. Karibu zote hutaka kadi ya benki. Mwezi mmoja tulisahau kuzima mtambo wa majaribio, tukakuta deni la dola 41. Tulikula mlo mmoja kwa siku mpaka likaisha. Sasa kengele ya gharama ndiyo kitu cha kwanza tunachokiweka kabla ya kitu kingine chochote, na jioni mmoja wetu hukagua kila kilichowashwa, kama mama anavyokagua jiko kabla ya kulala.

Na kuna hatari ya kuutegemea uzi mmoja. Uganda haina bahari. Intaneti yetu hutegemea sana nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa, zilizoanza kufika mwaka 2009. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Kabla ya hapo, Januari 2021 wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Kwa hiyo duka lina nakala ya kila linalohitaji ndani ya kompyuta yake lenyewe, na kazi ya kuchapa inaendelea hata wingu likipotea. Mhandisi asiyefikiria siku ya kukatika hajajenga.

Baada ya hesabu hiyo, tunayo maombi machache.

Kwa vijana wenzetu. Msianze na video mia. Anzeni na mtu mmoja mwenye tatizo dogo, mkamjengee kitu kidogo. Jifunzieni kwenye kompyuta kuukuu kwanza, bila kulipia chochote. Linux ni ya bure na inakubali mashine ya zamani. Andikeni kila siku mlichofanya na mlipokwama. Na msiguse majina ya watu mpaka muwe mmejua kufunga mlango. Tumieni majina ya uongo katika majaribio yenu.

Kwa Kamati yetu. Tunaomba mtupe kazi ndogo ya kweli, isiyo na siri ya mtu: ratiba ya maji kwa kila mtaa, ratiba ya madarasa ya watu wazima, matangazo ya mikutano. Tuijenge, muikague, muikosoe hadharani. Kijana atakayeijenga atakuwa na kitu cha kuonyesha, na mama atajua kabla ya kubeba ndoo kama bomba linatoa maji.

Kwa wageni wetu wa mashirika. Tunawashukuru kwa mafunzo mnayoleta. Lakini mafunzo mengi huisha kwa picha ya pamoja na karatasi ya kuhudhuria. Tunaomba yaishe kwa kitu kilichojengwa na kinachofanya kazi, na kijana apewe miezi mitatu ya kukitunza baada ya sherehe, maana kazi yenyewe ndiyo hiyo ya kutunza. Tunaomba pia mkitangaza nafasi za kazi, mruhusu mwombaji alete jalada pale asipokuwa na cheti. Na tunaomba jambo la mwisho kwa unyenyekevu, kwa kuwa sisi wenyewe tumeanguka hapo: mnashika karatasi zetu nyingi. Mtu akiwauliza "Ni nani aliyeisoma?", muwe na jibu.

Kwa wazazi wetu. Mkimwona mtoto amekaa mbele ya kompyuta, msimwulize kama anasoma. Mwulizeni kama mwenye duka alivyotuuliza sisi: nionyeshe kitu kimoja ulichokitengeneza. Akikosa cha kuonyesha, msimkemee. Mpeni wiki chache, kisha mwulizeni tena.

Wazee wa Wandegeya husema wale ndege walioupa mtaa jina lake hawapo wengi kama zamani. Lakini wafugaji wa hapa wanawajua. Ndege mchanga hufuma kiota chake cha kwanza vibaya, nyasi zikaning'inia ovyo. Jike huja akakikagua. Akikikataa, dume hukibomoa na kuanza upya. Hakuna anayemwuliza alisomea wapi. Anaulizwa kiota.

Chumba chetu cha nyuma kiko wazi kwa kijana yeyote wa kambi hii atakayefika Kampala. Kiti ni kimoja cha ziada, na kinapokezanwa.

Mungu awabariki wote, na awarudishie amani wale tuliowaacha nyumbani.